Mchagua Jembe Naye ni Mkulima: Kuhusu Kupanga Jaribio la Zana ya Michoro Katika Idara ya Kiswahili

Wahenga waliponena kwamba mchagua jembe si mkulima, walikusudia kumkemea mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Hata hivyo, maadamu methali ni mali ya wote, huweza kutumiwa kwa nia isiyokuwa ya wahenga. Aghalabu maana yake hujitokeza pale mwanafunzi wa Kiswahili anapolalamika kwamba programu ya tarakilishi aliyoelekezwa kuitumia katika tasnifu yake haimpi jibu analolitafuta. Huambiwa kwamba zana ni nzuri, kwamba inatumiwa katika vyuo vya ng'ambo, na kwamba ila ni yake yeye asiyeimudu tarakilishi. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Jembe halithibitiki kuwa zuri mpaka lijaribiwe katika udongo wa shamba litakalolimwa. Aidha, jaribio lenyewe halina faida iwapo halikupangwa kwa namna itakayobainisha kosa liko wapi: katika maandishi ya kiwambani, katika mchoro, au katika jinsi tarakilishi inavyoihesabu lugha.

Zana itakayochukuliwa kuwa mfano hapa ni Voyant Tools. Imeteuliwa kwa sababu inahusu matini, nayo matini ndiyo malighafi ya idara za Kiswahili.

Zana na ahadi yake

Kugeuza data kuwa mchoro si jambo la jana wala juzi. William Playfair alichapisha grafu za mistari na za pau jijini London mwaka wa 1786, na mwaka wa 1801 akaongeza chati ya duara. Kilichobadilika katika zama hizi ni kwamba data yenyewe yaweza kuwa riwaya, utenzi au hotuba za bungeni. Voyant Tools iliundwa na Stéfan Sinclair, aliyefariki mwaka wa 2020, pamoja na Geoffrey Rockwell, wote wakiwa wasomi wa vyuo vikuu vya Kanada. Hutumiwa bila malipo kupitia mtandao, na pia yaweza kupakuliwa na kuendeshwa katika tarakilishi isiyounganishwa na mtandao. Kwa chuo ambacho mtandao wake husuasua, jambo hili si dogo.

Mtumiaji hubandika matini yake, hubofya kitufe kimoja, na baada ya sekunde chache kiwamba hujaa michoro. Upande mmoja huwa na wingu la maneno liitwalo Cirrus, ambamo neno lililotumiwa mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Upande mwingine huwa na grafu iitwayo Trends, inayoonyesha jinsi matumizi ya neno yanavyopanda na kushuka. Ikiwa matini ni moja, programu huigawa katika sehemu kumi. Ikiwa ni nyingi, kila matini hupewa nafasi yake. Chini huorodheshwa miktadha ambamo neno limetokea. Kwa mwanafunzi aliyezoea kusoma riwaya na kalamu mkononi akipiga mistari chini ya maneno, huu ni muujiza. Si ajabu basi kwamba zana ya aina hii humvutia yeyote anayetaka kuonekana anakwenda na wakati.

Udongo wa Kiswahili

Kwa tarakilishi isiyofunzwa sarufi, neno ni mfuatano wa herufi uliotengwa na nafasi pande zote mbili. Kauli hii yaonekana haina madhara mpaka ipelekwe kwenye lugha ambishi. Tuseme hadithi fulani inahusu elimu, na ndani yake mna maneno anasoma, walisoma, hawasomi, asome, imesomwa, kusomesha na tutasomeana. Msomaji binadamu huona kitenzi kimoja katika sura saba. Tarakilishi huona maneno saba yasiyohusiana, kila moja likiwa limetokea mara moja tu. Wakati huohuo, kwa, ya, na, wa na katika huwa yametokea mara nyingi ajabu. Matokeo yake ni wingu ambalo ndani yake vihusishi vimevimba kama magunia, ilhali kitenzi kinachobeba maudhui ya hadithi hakionekani hata kwa darubini.

Watetezi wa zana watajibu, na jibu lao lina ukweli, kwamba mtumiaji anaweza kutafuta kipande cha neno kwa kutumia alama ya kinyota. Kwa Kiingereza mbinu hiyo hufaa sana, kwani mzizi huwa mwanzoni na mabadiliko mengi huwa mwishoni. Kwa Kiswahili mzizi umekaa katikati, umezingirwa na viambishi mbele na nyuma. Anayeandika som na kinyota baada yake atapata soma, somo na someni, na bila shaka Somalia ikiwa imetajwa, hatapata anasoma. Anayetanguliza kinyota kisha akaandika soma atapata anasoma, walisoma na kusoma. Atakosa hawasomi, asome na imesomwa. Kila mara mchoro utachorwa vizuri, na kila mara utakuwa umeacha sehemu ya ukweli nje.

Kuhusu maneno kama kwa na ya, watetezi watasema kwamba yanaweza kuondolewa kwa kuandaa orodha ya maneno ya kuachwa. Ni kweli pia. Lakini nani anaiandaa orodha hiyo, na kwa kigezo kipi? Neno kama huonekana kuwa makapi yanayostahili kupepetwa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayechunguza tashbihi, kama ndilo punje yenyewe. Neno si ni fupi na limeenea, lakini kuliondoa katika ushairi wa malumbano ni kuwang'oa malenga ulimi. Uamuzi unaodhaniwa kuwa wa kiufundi unageuka kuwa wa kiisimu na wa kifasihi.

Hoja hapa si kwamba Kiswahili hakiwezi kuchakatwa na tarakilishi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba tarakilishi inaweza kufunzwa mofolojia ya Kiswahili, na Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, imewekewa alama zinazoonyesha umbo la msingi la kila neno. Hoja ni kwamba zana iliyoundwa kwa matumizi ya jumla haiji na elimu hiyo ndani yake, na mtumiaji hana njia ya kulijua hilo kwa kuutazama mchoro tu.

Jaribio laanza na uamuzi

Kosa la kwanza la wengi wanaopanga majaribio ya matumizi ni kuuliza swali pana: je, zana hii ni nzuri? Swali la namna hiyo hujibiwa kwa adabu, nalo jibu la adabu halina kazi. Jaribio hupangwa kwa sababu kuna uamuzi unaosubiri. Idara inataka kujua kama iifundishe zana hii mwaka wa pili, kama iwaachie wanafunzi wa uzamili peke yao, au kama kwanza iandae matini zilizochambuliwa na orodha ya maneno ya kuachwa. Uamuzi huo ukiandikwa mwanzoni, pamoja na matokeo yatakayoelekeza upande huu au ule, kila kinachofuata hupata mwelekeo. Usipoandikwa, watafiti watakusanya maoni mengi, kisha kila mmoja atayasoma kwa miwani yake.

Shirika la kimataifa la viwango, katika kiwango chake ISO 9241-11 cha mwaka wa 1998 kilichorekebishwa mwaka wa 2018, limeweka vigezo vitatu vya kupima wepesi wa matumizi: kutimiza lengo kwa usahihi na ukamilifu, kulitimiza bila kupoteza juhudi na muda, na kuridhika kwa mtumiaji. Kiwango hicho kinasisitiza kwamba vigezo hivi havipimwi hewani, bali kwa kuzingatia watumiaji mahususi, malengo mahususi na mazingira mahususi. Neno usahihi katika kigezo cha kwanza ndilo linalostahili kuwakesesha wasomi wa Kiswahili. Mhandisi anaweza kupima muda na kuhesabu mibofyo ya kipanya. Hawezi kuamua kama jibu la mwanafunzi kuhusu kitenzi cha Kiswahili ni sahihi. Hapo hana budi kumwita mwanaisimu.

Washiriki wangapi?

Jakob Nielsen amesifika kwa kauli kwamba watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya zana. Kauli hiyo inatokana na hesabu aliyoifanya na Thomas Landauer mwaka wa 1993, inayochukulia kwamba kila mtumiaji hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo yaliyopo. Wengi hunukuu tano na kusahau sharti lake. Mwaka wa 2001 Jared Spool na Will Schroeder walionyesha kwamba katika majaribio yao ya tovuti watumiaji watano hawakukaribia kutosha. Mwaka wa 2003 Laura Faulkner alitumia data ya watumiaji 60, akachagua kwa bahati nasibu makundi ya watu watano. Baadhi ya makundi hayo yalifichua asilimia 99 ya matatizo, na mengine asilimia 55 tu. Makundi yalipokuwa ya watu kumi, hata kundi lililofanya vibaya zaidi lilifikia asilimia 80.

Funzo lake kwa idara ni bayana. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa uzamili si watumiaji wa aina moja. Watano kutoka kila upande, jumla kumi, ni mwanzo wa busara kwa jaribio linalolenga kufichua matatizo. Kumi hao hawatoshi kutangaza kwamba asilimia kadhaa ya wanafunzi wa Kenya hawaiwezi zana. Anayetaka tarakimu ya namna hiyo apange utafiti wa aina nyingine, wenye washiriki wengi zaidi. Kabla ya wote, wawili wapitishwe katika jaribio la awali, maana hakuna mpango ambao haugundui aibu zake siku ya kwanza.

Kutenganisha makosa matatu

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mshiriki anaposhindwa, huenda amekwama kwa sababu hakuelewa maandishi ya kiwambani, hasa yakiwa ya Kiingereza: Cirrus ni aina ya wingu kwa anayejua elimu ya hali ya anga, lakini kwa wengi ni jina tupu. Huenda ameshindwa kuusoma mchoro wenyewe. Au huenda amefanya kila kitu ipasavyo, ila tarakilishi imehesabu visivyo. Jaribio la kawaida huyachanganya yote matatu katika chungu kimoja, kisha mwanafunzi akabebeshwa lawama. Mpango mzuri huyatenganisha, na haidai fedha nyingi kufanya hivyo.

Kwanza, ziandaliwe hadithi fupi mbili za urefu unaokaribiana, tuseme maneno 3,000 kila moja, zilizoandikwa na wanachama wenyewe na kutolewa kwa ridhaa yao. Hapo suala la hakimiliki litakuwa limeepukwa, na pia matini itakuwa fupi kiasi cha kuhesabiwa kwa mkono. Tenzi kongwe kama Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, huvutia kwa kuwa hazina mwenye kudai, lakini lahaja ya Kiamu italeta ugumu wa nne usiohusiana na zana. Pili, wanaisimu wawili wahesabu kwa mkono, kila mmoja peke yake, maneno yatakayoulizwa katika sura zake zote, kisha wapatanishe hesabu zao. Huo ndio utakuwa ufunguo wa majibu.

Tatu, kazi itolewe katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mshiriki apewe mchoro uliochapishwa kwenye karatasi, bila tarakilishi, na aulizwe unasema nini. Katika hatua ya pili aketi mbele ya kiwamba na kutafuta jibu la swali la aina ileile kutoka hadithi nyingine. Nusu ya washiriki waanze na matini iliyo ghafi, na nusu waanze na iliyotayarishwa kwa kurejesha vitenzi katika umbo la msingi na kuondoa maneno yaliyokubaliwa. Hatimaye majibu yote yalinganishwe na ufunguo.

Sasa makosa yatajitenga yenyewe. Anayesoma karatasi vyema na kukwama kiwambani amekwazwa na maandishi na vitufe. Dawa yake ni mwongozo au tafsiri ya kiwamba. Anayeshindwa hata kwenye karatasi amekwazwa na mchoro. Dawa yake ni mafunzo ya kusoma michoro au mchoro wa aina nyingine. Wa tatu ndiye wa kuogopewa. Huyu anasoma karatasi, anatumia kiwamba bila tatizo, anapata jibu haraka, anaridhika, na jibu lake limekosea. Katika jaribio la kawaida angehesabiwa kuwa amefaulu. Kumbe ndiye atakayeandika tasnifu na kudai kwamba mwandishi fulani hashughulikii elimu, kwa ushahidi wa wingu lililoshindwa kuitambua hawasomi kuwa sura ya soma. Mshiriki aliyekwama anajua kwamba amekwama. Huyu wa tatu hajui, na jaribio lisilo na ufunguo wa mkono halitamjulisha.

Maswali ya kuulizwa

Kazi zitungwe kutokana na maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi au isimu huuliza kwa kweli, na zisitaje majina ya vitufe. Anayeambiwa afungue Trends ameshaonyeshwa njia. Aulizwe badala yake: mhusika fulani ametajwa zaidi mwanzoni au mwishoni mwa hadithi? Tashbihi zimesongamana wapi? Ni hadithi ipi kati ya hizi mbili inayotumia zaidi kitenzi cha kulia?

Swali la mwisho lina mtego unaostahili kuwekwa makusudi, na kwa ajili yake itafutwe jozi nyingine ya matini zinazotofautiana kwa urefu. Tuseme matini moja ina maneno 60,000 na kitenzi kimetokea mara 120. Nyingine ina maneno 20,000 na kitenzi kimetokea mara 60. Kwa hesabu tupu ya kwanza imeishinda ya pili maradufu. Kwa uwiano, ya kwanza ina 2 katika kila maneno 1,000, na ya pili ina 3. Je, mshiriki anatambua ni hesabu ipi anayoonyeshwa kwenye mhimili wa grafu?

Wingu la maneno nalo liulizwe maswali yake. Katika Cirrus rangi ya neno haimaanishi chochote, wala mahali lilipokaa. Ukubwa peke yake ndio wenye maana. Mshiriki aulizwe kwa nini anadhani maneno mawili yana rangi moja. Akieleza kwa ufasaha uhusiano usiokuwapo, watafiti watakuwa wamepata jambo la maana kuliko tarakimu kumi. William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka wa 1984 kwamba macho ya binadamu hulinganisha kwa usahihi zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mizani moja kuliko maeneo au rangi. Maneno ya Kiswahili yenye viambishi vingi ni marefu, hivyo hujaza nafasi kubwa winguni hata yanapokuwa na idadi sawa na neno fupi. Yamkini pau za kawaida zingemfaa msomaji zaidi, na jaribio ndilo litakaloamua.

Mwisho pawepo kazi moja isiyo na jibu maalum: mshiriki aachwe kwa dakika kumi aichunguze hadithi na aseme amegundua nini. Chris North alitoa hoja mwaka wa 2006 kwamba thamani ya michoro ya data hupimwa kwa ugunduzi inaouzalisha, si kwa kasi ya kujibu maswali madogomadogo pekee.

Lugha ya kipimo

Kipimo kinachopendwa sana cha kuridhika kwa mtumiaji ni kile alichokibuni John Brooke mwaka wa 1986 nchini Uingereza. Kina kauli kumi, na mshiriki huonyesha kwa ngazi tano anakubaliana na kila kauli kwa kiasi gani. Matokeo huwa alama kati ya 0 na 100, ambayo si asilimia ingawa hufanana nayo. Kwa ufupi na wepesi wake kimeenea kote. Lakini Kraig Finstad alionyesha mwaka wa 2006 kwamba neno moja lililomo humo, cumbersome, liliwatatiza washiriki ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ikiwa neno moja linaweza kutia ufa katika kipimo, itakuwaje kauli zote kumi zitafsiriwe usiku mmoja na mtu mmoja?

Ugumu wa tafsiri haukomei kwenye msamiati. Kauli za Brooke hupishana: moja husifu, inayofuata hulaumu. Mfasiri akiiweka kauli ya lawama kwa kikanushi, mshiriki atatakiwa aseme hakubaliani kwamba zana haieleweki, na hapo atakuwa amepotelea katika ukanushi wa ukanushi. Dawa ni kutumia maneno ya lawama yasiyo na kikanushi, mathalani inachosha au inatatanisha, kisha tafsiri irudishwe katika Kiingereza na mtu mwingine, na hatimaye ijaribiwe kwa wasomaji kabla ya kutumiwa. Hii ni kazi ya kawaida kwa wanafunzi wa tafsiri, nayo ingefaa kuwa mradi wa muhula mzima.

Adabu na sheria

Njia kuu ya kujua kinachompitikia mshiriki ni kumwomba awaze kwa sauti anapofanya kazi, mbinu iliyopewa msingi wa kinadharia na Anders Ericsson na Herbert Simon katika miaka ya 1980. Mbinu hii hudai mambo mawili. La kwanza ni uhuru wa lugha. Mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kiingereza asilazimishwe kuwaza kwa Kiswahili sanifu mbele ya kinasa sauti, kwa maana atakuwa akitafsiri badala ya kuwaza. Usanifu una mahali pake, na hapa sipo. La pili ni uhuru wa kusema ukweli. Mwanafunzi aliyelelewa kwa heshima hatamwambia mwalimu wake kwamba zana aliyoileta ni ngumu. Atasema ni nzuri tu, mwalimu. Kwa hiyo msimamizi wa jaribio asiwe mhadhiri anayemsahihishia mitihani. Afadhali zaidi, washiriki wakae wawili wawili mbele ya tarakilishi moja. Hapo mazungumzo yao ya kawaida, mmoja akimwuliza mwenzake hapa tubofye wapi, yatafichua kile ambacho hojaji ingekificha. Yule anayekaribisha lazima atamke waziwazi kwamba kinachopimwa ni zana, wala si mtu.

Sheria nayo isisahaulike. Sauti na majina ya washiriki ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Ridhaa iandikwe, mshiriki ajue kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote, na idara ijue mapema ni nani atakayezihifadhi kanda na lini zitafutwa.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya idara ya sayansi ya tarakilishi. Jibu limekwisha kutolewa: kigezo cha usahihi hakiwezi kupimwa bila ujuzi wa lugha. Wapo pia watakaosema kwamba muda hautoshi. Vikao kumi vya saa moja, viwili vya awali, na wiki moja ya kuhesabu kwa mkono si mzigo usiobebeka kwa chama chenye wanachama wanaotafuta mada za tasnifu. Pingamizi zito zaidi ni la tatu: kwamba wanafunzi watazoea zana polepole, kama walivyozoea simu. Ni kweli kwamba vitufe huzoeleka. Lakini mazoea hayatibu hesabu mbovu, na kadiri mtumiaji anavyozidi kuizoea zana ndivyo anavyopunguza kuishuku. Huyo wa tatu aliyetajwa awali ndiye mwenye mazoea kuliko wote.

Kinachohatarishwa hapa ni zaidi ya alama za tasnifu. Zana zikikubaliwa bila kujaribiwa, pengo la zana litahesabiwa kuwa pengo la lugha, na baada ya miaka michache itasemwa tena, safari hii kwa ushahidi wa michoro ya rangi, kwamba Kiswahili hakiwezani na tarakilishi. Zikikataliwa bila kujaribiwa, wanafunzi wa Kiswahili watabaki nje ya mbinu ambazo wenzao wa lugha nyingine wanazitumia. Jaribio lililopangwa vyema huiepusha idara na hasara zote mbili, na matokeo yake yanaweza kupelekwa kwa waundaji wa zana yakiwa ushahidi badala ya malalamiko. Mkulima anayelichunguza jembe kabla ya masika hajakwepa kulima. Amekataa tu kulaumiwa kwa mpini ambao hakuuchonga yeye.